Shangazi, majibu yangu ni ya maswali ambayo sikuulizwa

Shangazi, shikamoo.

Mimi ni binti wa miaka 27, naishi Busia upande wa Uganda. Nafanya kazi kwa wakala wa forodha hapa mpakani, naandaa hati za malori mchana kutwa, na nikitoka saa kumi na mbili jioni nasoma mpaka saa nne, siku nyingine saa tano. Nina shahada ya maendeleo ya jamii, lakini sheria imekuwa moyoni mwangu tangu nilipokuwa mdogo kambini, baba akiwa bado jeshini. Miaka minne iliyopita nilifanya mtihani wa kuingia shule ya sheria katika chuo kimoja hapa nchini, nikakosa kwa alama chache. Sasa nataka kuomba nafasi Marekani, ambako sheria husomwa baada ya shahada ya kwanza. Kule wanataka alama za LSAT, mtihani wa kuingia shule za sheria, na mwenye alama nzuri anaweza kupata ufadhili.

Kinachonishinda ni sehemu ya mantiki. Unapewa kifungu kifupi, kisha swali, kisha machaguo matano. Shemeji yangu, mwalimu wa hesabu, aliniambia siri yake ni kutambua aina ya swali. Nikatengeneza kadi 14 za rangi, kila aina na kadi yake na maneno yake ya kukariri. Kadi hizo ukiniamsha usiku wa manane nitakutajia zote. Lakini nikiweka saa, dakika 35 kwa maswali 25, napata 11. Siku nzuri napata 12. Nikikaa kusahihisha nasema "Aa, kumbe!" karibu kila swali, maana jibu naliona palepale.

Baba anasema akili ya namna hiyo mtu huzaliwa nayo, nisijitese. Shemeji anasema nilipie masomo Kampala. Kuna kituo kinataka shilingi 1,500,000 kwa wiki sita, na itabidi niache kazi. Mama hasemi kitu, ila nimesikia ameanza kuulizia bei ya ng'ombe wake. Hilo la ng'ombe ndilo linaloninyima usingizi.

Nimekuambatanishia picha za kurasa za jaribio langu la mwisho. Halafu nina swali jingine, la aibu kidogo. Mtihani ni wa Kiingereza, na Kiingereza nakijua, lakini mawazo yangu yanakuja kwa Kiswahili, lugha tuliyokulia kambini. Je, hicho ndicho kinachonirudisha nyuma?

Mwanao,
Mwenye Kadi 14, Busia

*

Marahaba, mwanangu.

Kabla ya lolote, mwambie mama ng'ombe abaki zizini. Wala kazi usiache. Nitakueleza kwa nini, na nitakueleza kwa kirefu, kwa sababu barua yako nimeisoma mara tatu na picha zako nimezikuza kwenye simu mpaka macho yakauma.

Swali la tisa ndilo lililonifanya niketi sawasawa. Umezungushia C kwa wino wa bluu, ukaikata, ukahamia B, kisha ukarudi C na kuibana kwa duara la pili. Pembeni umeandika DHANA kwa herufi kubwa, na chini yake mistari miwili. Kwa hiyo aina ya swali uliipata. Lilikuwa kweli swali la dhana iliyojificha ndani ya hoja. Jibu lilikuwa B.

Nikaanza kuhesabu. Makosa yako ni 14. Matatu ni ya mwisho kabisa, ambako saa ilikukuta hujafika. Mawili naona kifungu chenyewe hakikukaa vizuri kichwani. Yaliyobaki ni tisa, na katika hayo tisa jibu ulilochagua ni jibu zuri, lenye akili, la swali jingine. Pale ulipoulizwa kinachodhoofisha hoja, umeleta kinachoiimarisha. Pale ulipoulizwa ambacho lazima kiwe kweli, umeleta ambacho huenda ni kweli. Mtu asiyeweza kufikiri hakosei kwa mpangilio huo. Mtoto aliyetumwa chumvi akarudi na sukari, njia ya dukani anaijua na kuhesabu chenji anajua. Alichokosa ni kusikiliza alipokuwa anatumwa.

Shemeji yako hakukudanganya, aina ya swali ni lazima itambuliwe. Ila kadi zako zimekufundisha jina la swali, na jina peke yake halikutumi popote. Ukiandika DHANA pembeni bado hujui utafute nini. Kwa hiyo kuanzia leo, ukisoma swali usijiulize "hili linaitwaje?" Jiulize "nimetumwa nini?" na ujijibu kwa maneno mawili matatu ya Kiswahili, kama mama anavyomwambia mtoto mlangoni. Vunja. Tia nguvu. Nini lazima? Bila nini inaanguka? Nini kinatosha? Kosa liko wapi? Patanisha. Wanabishania nini? Sentensi hii inafanya kazi gani? Nani mwingine kasema hivihivi? Karibu kila swali la sehemu hiyo linaingia katika mojawapo ya maagizo haya, au ni ndugu yake wa karibu.

Na hapo nimeshajibu lile ulilolionea aibu. Kiswahili chako hakikurudishi nyuma. Sentensi za maswali yale zimeandikwa kwa Kiingereza kirefu, chenye mikunjo, na ukizisoma kwa haraka maneno yanapita kama malori ya usiku. Ukilazimika kulisema agizo kwa lugha unayofikiria nayo, huwezi kulisema bila kulielewa. Waliozaliwa na Kiingereza hawana kituo hicho cha kusimama, wao husoma wakapitiliza. Wewe unacho, kitumie.

Sasa tuingie kwenye kazi yenyewe. Kwanza kabisa, kila agizo linakuambia umwamini nani.

Nilifundisha General Paper miaka mingi, kidato cha tano na cha sita, na kila mwaka niliwapa wanafunzi maswali ya mantiki. Kulikuwa na kijana kutoka Majanji, mtoto wa mvuvi, mwenye akili kama moto wa petroli. Siku moja nilitoa kifungu cha kubuni kuhusu ziwa ambalo samaki wake wote huja juu mvua ikinyesha, nikauliza ni lipi lazima liwe kweli. Yeye hakuchagua kitu. Aliandika kando ya karatasi, kwa mwandiko mzuri, maelezo ya nusu ukurasa kwamba samaki hawafanyi hivyo, na akataja aina tatu alizozivua na baba yake. Nilimwita chumba cha walimu, nikaweka rula juu ya machaguo, nikamwambia: leo ziwa ni hili lililo kwenye karatasi, hakuna jingine. Alikasirika. Alisema, "Lakini mwalimu, mimi nimeliona ziwa." Nilimwelewa kabisa. Ilimchukua muhula mzima kukubali kwamba kuna maswali ambayo ndani yake kifungu hakibishiwi.

Hilo ni kundi la kwanza: kifungu unakiamini, machaguo unayashuku. Ukitumwa "nini lazima?", "hitimisho ni lipi?", "wanabishania nini?", "kosa liko wapi?" au "sentensi hii inafanya kazi gani?", basi kila chaguo ni mshukiwa mpaka likuoneshe mstari kwenye kifungu unaolishuhudia. Kundi la pili ni kinyume chake. Swali likiwa na maneno ya "ikiwa ni kweli", mtunga mtihani amekuambia machaguo yote matano uyapokee kama yalivyo, hata yakionekana ya ajabu, na anayeshukiwa sasa ni hoja ya kwenye kifungu. Huko ndiko ziliko "vunja", "tia nguvu", "patanisha" na "nini kinatosha?". Katika picha zako nimeona umelikata chaguo la swali la 14 na kuandika "haiwezekani". Lilikuwa ndilo jibu. Hukuulizwa kama linawezekana, uliambiwa lichukue kuwa ni kweli kisha uone linaifanya nini hoja.

Nikupe kifungu kimoja cha mukene, yaani dagaa, nimekitunga kutoka sokoni kwenu. Mtihani haukupi kifungu kimoja kwa maswali mengi namna hii. Nafanya hivyo makusudi ili uone jibu linavyobadilika agizo likibadilika.

"Mama mmoja wa sokoni Busia alikuwa akiuza mukene uliokaushwa mchangani. Mwezi wa Machi alianza kuuza mukene uliokaushwa kwenye vichanja vya wavu, kwa bei ile ile. Februari aliuza magunia 7, Machi aliuza 12. Kwa hiyo wateja wa soko hilo wanapenda mukene wa vichanja kuliko wa mchangani."

Hoja ni fupi: ushahidi ni mauzo kupanda, hitimisho ni kwamba wateja wanapenda. Katikati kuna mwanya.

Ukitumwa vunja, unatafuta kitu kinachoeleza magunia 12 bila mapenzi ya wateja. Kwa mfano: "Mwanzoni mwa Machi wauzaji wawili jirani wa mama huyo walifunga vibanda vyao." Angalia kwamba hakijathibitisha kuwa hitimisho ni uongo. Huhitaji kuiua hoja, inatosha ichechemee. Wengi wanakosa hapa kwa kutafuta kifo.

Ukitumwa tia nguvu, unaziba mwanya huohuo: "Wauzaji wengine wa soko hilo, waliobaki na mukene wa mchangani, hawakuuza zaidi Machi kuliko Februari." Sasa ile sababu ya soko zima kuchangamka imeondoka, na hoja imesimama vizuri zaidi, ingawa bado si imara kama mwamba.

Umeona hatari yake? Vunja na tia nguvu zinagusa mahali pamoja, kwa pande mbili. Ndiyo maana mtunga mtihani huweka moja kati ya machaguo ya nyingine, na mtu aliyekwisha kusahau alichotumwa anaiona, anahisi inagusa, anaizungushia. Nimekuta manne ya namna hiyo katika yale makosa yako tisa.

Ukitumwa nini lazima, rudi kwenye ziwa la karatasi. "Ongezeko la Machi halikutokana na mama kushusha bei." Hilo ni lazima, bei imetajwa kuwa ile ile. Linaonekana dogo, halina mvuto, na watu hulipita kwa sababu hiyo. Wanalikimbilia hili: "Mukene wa vichanja una mchanga kidogo kuliko wa mchangani." Kila mtu Busia analijua hilo kwa meno yake! Lakini kifungu hakikusema mahali popote kuhusu mchanga kwenye mukene. Likatae. Na kwa kawaida katika agizo hili, chaguo lenye maneno ya kishindo kama "wote", "kamwe" au "pekee" lina mzigo mkubwa wa kuthibitisha, na lenye "baadhi" au "huenda" lina mzigo mwepesi. Siyo sheria, ni mahali pa kuanzia kuangalia.

Sasa nifike kwenye swali lako la tisa, kwa sababu hapa ndipo nataka ukae.

Dhana zipo mbili na watu wameziweka kwenye kadi moja. Wewe pia. Ya kwanza ni ile ambayo hoja inaitegemea: bila nini inaanguka? Katika kifungu chetu: "Angalau baadhi ya walionunua Machi waliweza kutofautisha mukene wa vichanja na wa mchangani." Ni sentensi ya unyenyekevu, lakini ikanushe uone. "Hakuna hata mnunuzi mmoja aliyeweza kutofautisha." Hoja imekwisha hapohapo, maana mtu hawezi kupenda tofauti asiyoiona. Kipimo ndicho hicho: geuza chaguo liwe kinyume chake, na hoja ikianguka, umepata ulichotumwa.

Ya pili ni ile inayotosha kuifunga hoja kabisa: nini kinatosha? Kwa mfano: "Mukene ukiuzwa zaidi bila bei kubadilika, sababu huwa moja tu, kwamba wateja wanaupenda kuliko ule wa awali." Ukiipokea hiyo, hitimisho halina pa kukimbilia. Lakini je, hoja inaitegemea? Ikanushe: "Wakati mwingine kuna sababu nyingine." Haya, wakati mwingine. Hoja ya mama wa mukene bado inaweza kuwa sawa kwa mwezi ule wa Machi. Kwa hiyo inatosha, ila haihitajiki. Ya kwanza ni kinyume chake: inahitajika, ila peke yake haitoshi, kwa sababu watu kuweza kutofautisha hakuna maana kwamba wamependa.

Wewe kwenye swali la tisa ulitumwa kinachohitajika, ukaleta kinachotosha. C yako ilikuwa kubwa, imejaa, inafunga kila mlango, na B ilikuwa ndogo kama ile ya "angalau baadhi". Nadhani ndiyo maana ulihama ukarudi, ukubwa ulikuvuta. Choma ile kadi moja ya dhana, uandike mbili. Kwenye sentensi ya swali, ile ya kwanza huja na maneno ya "inategemea", "inahitaji", "lazima ichukulie". Ya pili huja kwa umbo la "hitimisho linafuata moja kwa moja ikiwa lipi litachukuliwa kuwa kweli". Hapo kwenye "ikiwa" ndipo unapotumwa kinachotosha.

Mengine niyapitie kwa haraka, maana kwenye karatasi zako huna shida nayo sana. Kosa liko wapi: unaeleza ulegevu wa hoja kwa maneno ya jumla, ya mama wa mukene inachukulia kwamba kilichofuata kimeletwa na kilichotangulia. Sentensi inafanya kazi gani: tazama maneno "kwa bei ile ile". Si ushahidi wa mapenzi, ila yanafunga mlango mmoja ambao mpinzani angepitia. Wanabishania nini: chukua kila chaguo, muulize wa kwanza, muulize wa pili, jibu ni lile ambalo mmoja, kwa maneno yake mwenyewe, angesema ndiyo na mwenzake angesema hapana. Patanisha: humo kwa kawaida hakuna hoja kabisa, kuna mambo mawili yanayogongana, kwa mfano bei imepanda na mauzo yamepanda. Jibu lazima liyaache yote mawili yakiwa kweli. Chaguo linalokana upande mmoja si lako.

Zile za "nani mwingine kasema hivihivi", ambazo kila chaguo ni hoja nzima nawe unatafuta yenye umbo sawa na ya kifungu, ziruke, uzirudie mwisho. Zinakula muda wa maswali mawili na alama yake ni moja tu.

Na kuna neno moja dogo, ISIPOKUWA, kwa Kiingereza EXCEPT, ambalo LSAT huliandika kwa herufi kubwa ili usilipite. Ukilikuta, agizo ni: nne zinafanya kazi hii, niletee isiyoifanya. Hiyo isiyofanya si lazima ifanye kinyume, inaweza kuwa haihusiki kabisa. Yako ya 21 ilikuwa hivyo.

Sasa kuhusu mtihani wako. Sehemu ya mantiki ilikuwa na uzito tangu zamani, lakini kuanzia Agosti 2024 LSAT iliondoa ile sehemu ya mafumbo ya kupanga watu na ratiba. Zinazohesabiwa sasa ni sehemu mbili za mantiki na moja ya ufahamu, na kuna ya nne isiyohesabiwa ambayo mtahiniwa haambiwi ni ipi. Kila moja ni dakika 35, na ya mantiki ina maswali 24 hadi 26. Alama ni kati ya 120 na 180. Kwa hiyo sehemu kubwa ya alama yako iko hapahapa unapoumia, na ndiyo sababu nakuambia nafasi ya kupanda ni kubwa.

Jibu la makosa halipunguziwi alama. Yale matatu ya mwisho uliyoacha wazi, usiache tena. Dakika moja ikibaki, jaza yote.

Ukigawa dakika 35 kwa maswali 25 unapata kama sekunde 84. Kati ya hizo nataka sekunde tano zitumike kwenye sentensi ya swali, kabla hujagusa kifungu. Wapo walimu wanaokataza, wanasema soma kifungu kwanza ili usivurugike, nami nawaheshimu. Lakini kwa mtu ambaye ugonjwa wake ni kusahau alichotumwa, mimi nasema anza na swali, sema agizo kimoyomoyo, kisha ingia kwenye kifungu ukijua unatafuta hitimisho na mwanya, au unakusanya tu mambo ya hakika. Na ukishamaliza kifungu, kabla ya A, lirudie agizo. Mara ya pili hiyo ndiyo itakayokuokoa kwenye yale manne ya vunja na tia nguvu.

Wiki ya kwanza usiweke saa. Chukua maswali 50, funika vifungu na machaguo kwa karatasi, soma sentensi za maswali peke yake, na andika kwa kila moja: nimetumwa nini, namwamini nani. Usijibu kitu. Utaona wiki imeisha huna alama hata moja ya kumwonesha shemeji, na atakuuliza. Vumilia.

Wiki ya pili jibu maswali kumi kwa siku, bado bila saa. Tafuta lile daftari nene la kaunta, kata kila ukurasa safu mbili kwa rula: "nilitumwa" na "nilileta". Kila kosa liandike humo. Usiandike "sikuwa makini", maneno hayo hayafundishi kitu. Andika "nilitumwa kinachohitajika, nilileta kinachotosha". Wiki ya tatu rudisha saa, kidogo kidogo: maswali matano kwa dakika nane, kisha saba.

Na karatasi hizo za kutoa nakala uziache mapema. LSAT sasa hufanywa kwenye kompyuta, na wenye mtihani wenyewe, LSAC, wana tovuti ya LawHub ambako ukijiandikisha unapata majaribio kadhaa kamili bila kulipa, kwenye skrini inayofanana na ya siku yenyewe. Kama ofisini kwenu bosi anakuruhusu ubaki na kompyuta saa moja baada ya kazi, muombe. Bando la saa moja jioni halifiki popote karibu na ile 1,500,000. Baada ya wiki sita za namna hii, ukiona umesimama palepale, tutazungumza upya habari ya Kampala, na sitakuzuia.

Kazi unayoifanya, mwanangu, inafanana na mtihani huu kuliko unavyodhani. Lori likifika na hati, wewe huulizi dereva ni mtu mzuri au mbaya. Unaangalia hati inadai nini, na karatasi zilizoambatanishwa zinathibitisha nini, na kama kuna pengo unalitaja kabla ofisa wa forodha hajalitaja yeye. Umekuwa ukifanya hivyo kila siku na hukosei nusu ya malori.

Baba usibishane naye. Amelisema kwa sababu anakuona unakesha na linamuuma. Siku moja jioni kaa naye, msomee kile kifungu cha mama wa mukene kwa Kiswahili, umuulize hoja hiyo ina shida gani. Mtu aliyekaa jeshini muda wote huo akisikiliza visingizio vya askari wachelewaji ataiona kabla hujamaliza kusoma. Kisha muulize, kama akili hii mtu huzaliwa nayo, wewe uliirithi kwa nani.

Ukimaliza wiki ya tatu nipigie picha ukurasa mmoja tu wa daftari, ule wenye safu mbili. Alama usiniandikie kwanza. Nataka kuiona safu ya "nilileta".

Shangazi